Risasi Njema na Deni la Mwindaji

Mwaka 1899 wajumbe wa mataifa walikutana mjini The Hague, Uholanzi, na miongoni mwa mambo waliyotiliana saini ilikuwamo ahadi kwamba katika vita baina yao hawatatumia risasi zinazotanuka au kubapa kwa urahisi ziingiapo katika mwili wa binadamu. Risasi hizo zilikwisha kupata jina la dumdum, kwa sababu Waingereza walikuwa wakizitengeneza katika kiwanda chao cha silaha cha Dum Dum, karibu na Calcutta, nchini India. Ilionekana ni ukatili kumpasua mtu namna ile, wakati risasi ngumu ipitayo moja kwa moja yatosha kumtoa askari vitani.

Sasa, ndugu msomaji, ifungue sheria ya kulungu ya mwaka 1991 inayotumika England na Wales. Humo amri imegeuzwa juu chini. Mwenye kumwinda kulungu kwa bunduki ya risasi, si ya marisau, hakubaliwi kutumia risasi yoyote isipokuwa ile yenye ncha laini au yenye tundu nchani, yaani ile itakayotanuka. Majimbo mengi ya Marekani nayo yana makatazo ya namna hiyo hiyo. Jambo lililokuwa haramu kwa mtu limekuwa wajibu kwa mnyama. Je, tunamthamini mnyama kuliko mtu? Au tunamdharau kiasi cha kumruhusia lolote?

Nadhani si hili wala si lile. Vitani, angalau kwa fikra za waliotunga ahadi ile, lengo si kifo. Lengo ni kwamba yule askari asiendelee kupigana. Akijeruhiwa atabebwa kwa machela, atatibiwa, na huenda siku moja akarudi kwao akalea wanawe. Kumpanulia jeraha ni kumwongezea mateso yasiyomfaa yeyote. Lakini mnyama wa porini hana machela wala mganga. Mwindaji avutapo kifyatulio amekwisha kuamua juu ya kifo, na kilichobaki mikononi mwake ni muda tu: dakika moja, au siku tatu. Risasi inayochanua ndani ya mwili huufupisha muda huo, na ndiyo maana watunga sheria wakaiona kuwa ni ya huruma.

Hapa naomba nisimame kidogo kwa ajili ya msomaji wa Afrika. Katika mkutano ule wa 1899 mjumbe wa Uingereza, Sir John Ardagh, alizitetea risasi za dumdum kwa hoja kwamba askari wa taifa lililostaarabika akipigwa hujua kuwa amejeruhiwa, akarudi nyuma atibiwe, lakini mshenzi huzidi kusonga mbele na mkuki wake. Ahadi yenyewe iliwafunga waliotia saini tu, wao kwa wao. Babu zetu hawakuwamo. Uingereza iliikubali mwaka 1907. Silitaji jambo hili ili kufukua makaburi. Nalitaja kwa sababu Ardagh hakuwa akitafuta kumpunguzia mtu yeyote mateso. Alikuwa akitafuta kumsimamisha tu. Chuma ni kile kile, umbo ni lile lile, na huruma haimo ndani yake. Kwa hiyo nimsikiapo mtu akiisifu risasi kwamba ina huruma, huwa namtazama yule mtu kwanza.

Yamkini msomaji anajiuliza mwalimu mzee wa Tanzania amefikaje kwenye mambo haya. Binti yangu ameolewa Idaho, jimbo la milima na misitu upande wa magharibi wa Marekani. Nimekwenda kule mara mbili kuwaona wajukuu, na mara zote mbili ilikuwa majira ya baridi, wakati ambapo mgeni wa umri wangu hana pa kwenda isipokuwa dirishani. Baba mzazi wa mume wa binti yangu alikuwa fundi wa kiwanda cha mbao kabla ya kustaafu, na kazi yake ya majira ya baridi ni kujitengenezea risasi za kuwindia katika kibanda kilicho nyuma ya nyumba. Nikawa mgeni wa kibanda hicho. Yeye huniita Mwalimu, kama wajukuu walivyomfundisha. Mimi humwita Mkwe.

Kazi yenyewe ni ya utulivu, mtu angedhani yuko katika duka la sonara. Ganda lililokwisha kutumika husafishwa, hurudishwa katika umbo lake kwa mashine ya mkono, na hutiwa fataki mpya kitakoni. Baruti hupimwa kwa mizani midogo hadi sehemu ya kumi ya greni, na juu yake hukazwa kichwa. Greni ni kipimo cha zamani cha uzito. Greni 180 ni kama gramu 11.7. Kiswahili kinatutatiza kidogo hapa, maana neno risasi kwetu ni yale madini mazito, ni kile kitu kirukacho, na pia ni kitu kizima pamoja na ganda lake. Kuanzia sasa kitu kirukacho nitakiita kichwa, na madini nitayaita madini ya risasi.

Kichwa cha kawaida ni kiini cha madini ya risasi kilichovikwa gamba la shaba. Madini ya risasi ni laini, hubapa upesi. Gamba huyashikilia yasisambae mno. Kasoro ni kwamba kiini na gamba vimebanwa tu pamoja, havikuungwa. Kikigonga mfupa wa bega kwa kasi kubwa, hasa mnyama akiwa karibu, gamba huweza kubanduka na kiini kikasambaratika, na mnyama akabaki na jeraha pana lisilofika ndani. Huyo ndiye atakayekimbia na kufa kesho kutwa. Mwaka 1946 Mmarekani aitwaye John Nosler alikuwa akiwinda musi, yule mkubwa kuliko wote katika jamii ya kulungu, huko British Columbia, Kanada. Vichwa vyake vilipasukia juu juu. Alirudi nyumbani akabuni kichwa chenye ukuta wa shaba katikati: nusu ya mbele hupasuka, nusu ya nyuma hubaki nzima na kuendelea na safari. Alikiita Partition, na mwaka 1948 alifungua kampuni ya kukiuza. Bado kinauzwa hadi leo.

Wengine walishika njia nyingine. Waliunga kiini na gamba, kama fundi alehemuvyo sufuria, ili visiweze kuachana hata vikikutana na mfupa. Bill Steigers, wa Idaho hiyo hiyo, alikuwa miongoni mwa watangulizi. Baadaye kilikuja Swift A-Frame, kutoka Kansas, chenye ukuta wa katikati na kuungwa pia. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 vilifuata Hornady InterBond na Nosler AccuBond, vyenye ncha ya plastiki ili vikate hewa vizuri zaidi. Kichwa kimoja cha namna hii chaweza kugharimu zaidi ya dola moja, wakati kile cha kawaida huweza kupatikana kwa nusu ya hapo au chini yake.

Wawindaji wa kule hubishana juu ya vichwa hivi kama sisi tubishanavyo juu ya Simba na Yanga. Kipimo wanachokipenda ni uzito uliobaki: kichwa kikitolewa ndani ya nyama, kina greni ngapi kati ya zile zilizotoka mtutuni? A-Frame hubakiza tisini kwa mia na zaidi. InterBond nacho hujisifu vivyo hivyo. Partition kwa kawaida hubakiza kama theluthi mbili, kwa kuwa nusu ya mbele imekusudiwa kupotea. AccuBond, ijapokuwa kimeungwa, watengenezaji wake wamekusudia kibakize baina ya sitini na sabini kwa mia. Mtu asiyefikiri atasema basi A-Frame ndicho bora, mjadala umefungwa.

Lakini bora kwa lipi? Elki dume, ambaye huweza kuzidi kilo 300, akitokea kichakani hatua sitini mbele yako, akiwa amekupa bega, anahitaji kichwa kigumu kisichovunjika. Kulungu mwembamba aliye mbali ng'ambo ya bonde ni shauri jingine. Kichwa hupungua kasi kadiri kiendavyo, na kikigonga ubavu mwembamba kikiwa kimechoka, kile kigumu huweza kukataa kuchanua, kikapita kama sindano. Hapo ugumu uliolipiwa dola mbili umekuwa hasara kwa mnyama. Mkwe aliniwekea vichwa vitatu juu ya meza akanieleza haya kwa muda wa asubuhi nzima, na nakiri nimewajua walimu wa fizikia wasioweza kufafanua vizuri kama yule fundi mbao.

Katika rafu ya kibanda kile lipo kopo la kahawa. Ndani yake mna vichwa alivyovitoa katika wanyama wake kwa miaka mingi, kila kimoja kimefungwa katika karatasi yenye maandishi: elki jike, yadi 140, greni 168 kati ya 180. Vimechanua vizuri, vina sura ya uyoga. Nilivipanga mezani kimoja kimoja, kisha nikamwuliza swali ambalo nilikuwa na mazoea ya kuwauliza walimu vijana waliponiletea takwimu za darasa.

"Mkwe, hivi ni vya wanyama uliowapata. Vya wale ambao hukuwapata viko wapi?"

Alikaa kimya kitambo. Kisha akasema, "Mwalimu, ni mmoja tu. Lakini yupo."

Ilikuwa dume la elki, upande wa pili wa bonde, zaidi ya yadi 400, jioni, na upepo ukivuma. Siku chache kabla alikuwa amenunua boksi la vichwa bora kuliko vyote dukani. Alifyatua, mnyama akayumba, akaingia msituni. Alifuata damu juu ya theluji siku nzima, na siku ya pili tena. Usiku wa pili theluji nyingine ilianguka, ikafunika kila kitu. "Kama ningekuwa na vile vichwa vyangu vya bei rahisi," aliniambia, "nisingejaribu kabisa."

Nimeyafikiri sana maneno hayo, kwa maana yamebeba suala zima. Kichwa kile hakikuwa na kosa. Kwa umbali ule kichwa huchukua zaidi ya nusu sekunde hewani, na katika nusu sekunde mnyama huweza kupiga hatua moja. Upepo wa kilomita 16 tu kwa saa, ukivuma kutoka ubavuni, huweza kukisukuma kando sentimita 30 na ushei. Aliyelenga moyo anapiga utumbo. Hakuna namna ya kuunga shaba na madini ya risasi itakayotibu upepo. Kilichotokea ni kwamba ubora wa chombo ulimpa mtu ruhusa ambayo chombo hakikuwa nayo ya kutoa. Alinunua huruma dukani, kisha akaitumia kununulia umbali. Faida yote ambayo ingekuwa ya elki ikahamia kwake, na deni likabaki pale pale, pengine likaongezeka.

Ndiyo maana sina imani kubwa na makopo ya kahawa, hata liwe la mtu mwaminifu kama Mkwe. Kopo lina ushahidi wa wanyama waliopatikana tu. Tena halina hata wote, kwa kuwa kichwa kilichotoboa upande wa pili na kuanguka mbali huko, ambacho mara nyingi ndicho kilichofanya kazi nzuri kuliko vyote, hakirudi nyumbani. Wala hakirudi kile kilichomo ndani ya mnyama aliyepotea. Nimekaa miaka mingi katika chuo cha ualimu, na nayajua makopo ya namna hii. Nimeshiriki vikao ambamo shule fulani ilisifiwa kwamba asilimia tisini ya watahiniwa wake wamefaulu, na makofi yakapigwa, wala hakuna aliyeinua mkono kuuliza darasa lile lilianza na watoto wangapi. Msichana aliyetoroka katika muhula wa pili hakufanya mtihani, kwa hiyo hakufeli. Amefunikwa na theluji. Katika hesabu hizi mbili, ya mwindaji na ya mwalimu, anayehitaji kuhesabiwa kuliko wote ndiye ambaye karatasi haina nafasi yake.

Najua atatokea wa kuniambia, Mwalimu, kama una huruma kiasi hicho basi sema watu wasiwinde kabisa. Sijawahi kuwinda, lakini nyama nala, na siku nilipopita nyuma ya machinjio ya mji mmoja wetu sikuona chochote cha kunipa haki ya kumsimanga mwindaji. Elki mmoja huilisha nyumba ya Mkwe miezi mingi. Hilo niliache.

Linalonishughulisha ni kwamba mila nyingi, zikishakubali mnyama auawe, hazikumwachia muuaji afanye apendavyo. Waislamu hufundishwa kwamba anayechinja na akinoe kisu chake, wala asikinoe mbele ya macho ya mnyama. Sehemu ya kwanza inafanana na Mkwe na mizani yake. Sehemu ya pili haimo katika mizani yoyote. Sisi tuna methali isemayo kwamba mwenye kisu kikali ndiye mla nyama, na tunaipenda kwa ajili ya siasa na biashara. Lakini itazame vizuri, inamzungumzia mlaji tu. Anayechinjwa hakutajwa.

Chukua pia Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi. Mshale wao una sumu ya mimea, na sumu haiui papo hapo. Kwa kipimo cha greni na kasi, wangeshindwa na kila boksi la Idaho. Lakini mwindaji wao akishamchoma mnyama, shughuli ndiyo kwanza imeanza: hungoja, kisha hufuata nyayo na matone kwa saa nyingi, aghalabu akiwa na wenzake, mpaka wamfikie. Silaha yao ni dhaifu, na ni udhaifu huo unaowalazimisha wasogee karibu kabla ya kurusha na kufuatilia baada ya kurusha. Sisemi kwamba sumu ni njema kuliko shaba. Elki aliyepigwa sawasawa na kichwa kilichoungwa hufa kwa sekunde chache, na swala wa Eyasi hana bahati hiyo. Nasema tu kwamba silaha dhaifu humkumbusha mtu deni lake kila mara, na silaha bora humwachia akumbuke mwenyewe.

Na deni haliishii kwa mnyama aliyelengwa. Kichwa kinapopasuka, vipande vidogo vya madini ya risasi hubaki katika matumbo yaachwayo porini, na ndege walao mizoga hufa kwa sumu yake. Tai mkubwa wa California aitwaye kondori alipungua hadi ndege 22 mwaka 1982, na madini ya risasi yalikuwa miongoni mwa sababu. Tangu tarehe 1 Julai 2019 jimbo la California limepiga marufuku madini hayo kwa uwindaji wote. Vichwa vilivyoungwa huacha vipande vichache kuliko vya kawaida, lakini kuunga si kuondoa. Vipo sasa vichwa vya shaba tupu, kama vile vya Barnes vilivyoanza kuuzwa mwaka 1989, ambavyo hubakiza karibu uzito wote. Nilimwambia Mkwe kwamba kwa Kiswahili hiyo ingeitwa risasi isiyo na risasi, na ilinichukua muda kumfafanulia kwa nini ninacheka. Yeye bado hajavihamia. Anasema bunduki yake haivipendi, maana havigongi pamoja kwenye shabaha. Na kwa kuwa Idaho haijamlazimisha, hapo tumekubaliana kutokubaliana.

Mwaka uliopita mjukuu wetu alitimiza miaka kumi na minne akataka kwenda mlimani na babu yake. Alikwisha kusoma kila kitu juu ya vichwa, akajua uzito unaobaki kwa kila aina, na alitaka boksi la vile vya dola mbili. Mkwe hakumkatalia. Alimtengenezea kwanza risasi mia mbili za vichwa rahisi, za kulenga shabaha, akampangia azimalize katika majira yote ya joto: akiwa amekaa, akiwa amepiga goti, akiwa ametoka kukimbia na moyo unadunda. Kila karatasi ya shabaha iliandikwa tarehe na umbali, pamoja na zile ambazo hazikuwa na tundu hata moja. Umbali ambao mikono ya kijana haikukosea hata mara moja ulikuwa yadi 180, na Mkwe aliuandika kwa wino juu ya mkanda wa bunduki. Mwezi wa Oktoba alimpa risasi kumi za vichwa vilivyoungwa. Binti yangu aliniandikia kwamba siku ya nne walimwona elki jike katika uwazi, na babu akapima kwa kile chombo chake cha kupimia umbali: yadi 230. Walikaa chini wakamtazama mpaka alipoingia msituni, kisha wakala mikate yao na kushuka.